Namna ya kuipata rangi ya kiwandani ya pikipiki ya zamani ya Kiingereza

Fundi rangi aliniuliza swali la haki kabisa: "Kijani gani, mzee? Cha chama, cha jeshi, au cha majani ya chai?" Nikabaki kimya. Mbele yetu kulikuwa na BSA Bantam D1, ile pikipiki ndogo ya cc 123 iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, niliyoirithi kwa mjomba ikiwa imepakwa bluu ya mlango wa duka. Nilijua kwamba Bantam za mwanzo zilitoka kiwandani na rangi iliyoitwa Mist Green, yaani kijani cha ukungu, na ubavuni mwa tangi zikawa na eneo la rangi ya pembe za ndovu. Jina tamu, lakini haliwezi kumiminwa kwenye bunduki ya kupulizia.

Kibaya zaidi, kosa kubwa nilikuwa nimeshalifanya. Tangi nilikwisha lipeleka kupigwa mchanga, likarudi linang'aa kama sufuria mpya. Rangi yote iliyolala chini ya ile bluu kwa miaka na miaka ikaishia kwenye vumbi la karakana ya watu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia pale nilipopaswa kuanzia mimi.

Usiguse kitu kwanza

Kabla ya kufungua hata nati moja, piga picha. Pande zote, kisha karibu: beji, mistari ya tangi, mahali ambapo rangi inakutana na kroma, sehemu zilizobanduka. Weka rula au sarafu pembeni ili baadaye ujue upana wa mstari. Piga kivulini, si kwenye jua kali.

Kisha ukifungua, kila kipande kiandikwe. Hakuna kinachokwenda kupigwa mchanga, kuchovywa kwenye magadi wala kusuguliwa mpaka kazi ya upelelezi iishe. Fundi atakuharakisha, kwa sababu anataka gereji yake iwe wazi. Mwache akuharakishe.

Jua una nini mkononi

Rangi zilibadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo lazima uujue mwaka. Kadi ya pikipiki haitoshi. Huku kwetu mwaka ulioandikwa kwenye kadi mara nyingi ni ule iliposajiliwa, na pikipiki inaweza kuwa ilikaa mwaka mzima melini na dukani. Soma namba ya injini na namba ya fremu kwenye chuma chenyewe, baada ya kusafisha kwa mafuta ya taa na brashi laini. Usitumie msasa hapo.

Sasa, jambo linalowapoteza wengi: viwanda vya Uingereza havikuhesabu mwaka kuanzia Januari. Modeli mpya zilitangazwa majira ya vuli, zikaoneshwa kwenye maonesho ya Earls Court jijini London, na uzalishaji wake ukaanza miezi kadhaa kabla ya mwaka wenyewe. Triumph na BSA za kuanzia msimu wa 1969 zinaonesha jambo hili waziwazi, kwa sababu namba zake zinaanza na herufi mbili. Ya kwanza ni mwezi, ya pili ni msimu. Herufi za miezi, kuanzia Januari, ni A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P na X. Herufi ya pili C ni msimu wa 1969, D ni 1970, E ni 1971, G ni 1972. Kwa hiyo Triumph Bonneville yenye NC ilitengenezwa Oktoba 1968 lakini ni ya msimu wa 1969, na rangi yake ni ile nyekundu-chungwa iitwayo Olympic Flame pamoja na fedha. Ukimwambia fundi "mwaka 1968", atakupaka rangi ya msimu uliopita, na atakuwa hana kosa.

Kwa pikipiki zilizotangulia herufi hizo, kimbilia madaftari ya kiwanda. Mengi yalinusurika. Chama cha Vintage Motor Cycle Club, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1946, kinatunza madaftari ya baadhi ya viwanda vilivyokufa, na vyama vya wenye Norton, Vincent, Velocette, AJS na Matchless navyo vina kumbukumbu za namna hiyo. Unawaandikia, unatuma picha za namba na ada, nao wanakujibu siku pikipiki ilipotoka kiwandani na ilipelekwa kwa nani. Wakati mwingine rangi imeandikwa. Hata isipoandikwa, ile anwani ya mnunuzi ina thamani: pikipiki iliyopelekwa Marekani inaweza kuwa na rangi tofauti na ya modeli hiyohiyo iliyobaki Uingereza, na iliyonunuliwa na polisi, jeshi au posta ni habari nyingine kabisa. Posta ya Uingereza ilinunua Bantam nyingi kwa vijana wa kupeleka simu za maandishi, na zilikuwa nyekundu. Ukikwangua Bantam ukakuta nyekundu chini kabisa, usimlaumu mwenyewe wa zamani. Huenda ndiyo ya kiwandani.

Kuna mitego mingine ya aina hiyo. Triumph Speed Twin iliyotoka kwa ajili ya msimu wa 1938 haikuwa na fremu nyeusi. Fremu, foku na madigadi vyote vilikuwa Amaranth Red, nyekundu nzito ya kuelekea zambarau. BSA kubwa za 1971 zilikuwa na fremu ya kijivu cha njiwa, na watu wengi wamezipaka nyeusi wakidhani wanasahihisha uchafu wa mtu. Na pikipiki za 1951 na 1952, vita vya Korea vilipofanya nikeli, inayopakwa chini ya kroma, iwe haba, nyingi zilipunguziwa kroma; matangi na rimu zilizozoeleka kung'aa zikapakwa rangi. Kroma nyingi kwenye pikipiki ya miaka hiyo si ushahidi wa uhalisi.

Karatasi zinajua mpangilio, hazijui rangi

Tafuta katalogi ya mauzo ya mwaka husika na magazeti ya pikipiki ya wakati ule. Humo utapata jina la rangi, rangi ipi ilikaa juu ya tangi na ipi chini, mistari ilipita wapi, madigadi yalikuwa na mstari wa katikati au la. Hayo yaamini. Lakini usichukue katalogi ukampa mchanganya rangi aisome. Ule ni wino wa mpiga chapa, umekaa kwenye karatasi zaidi ya miaka 50, na hata siku ulipochapwa haukuwa rangi ya pikipiki.

Picha za zamani nazo zina uongo wake. Filamu nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hazikuhisi wekundu, kwa hiyo nyekundu ilitoka nyeusi na bluu ikatoka karibu nyeupe. Nimeona watu wakibishana usiku kucha kuhusu mstari mweusi wa tangi ambao, ukweli wake, ulikuwa mwekundu.

Je, makumbusho? Nenda ukipata nafasi, lakini uliza kwanza. Jumba la National Motorcycle Museum karibu na Birmingham liliungua Septemba 2003, mamia ya pikipiki yakateketea, na nyingi zilijengwa upya baada ya hapo. Kazi nzuri mno, ila rangi unayoiona pale ni rangi iliyotafutwa na mtu kama wewe. Pikipiki chakavu isiyoguswa, yenye kutu na rangi iliyopasuka, ni shahidi bora kuliko ile inayong'aa nyuma ya kamba.

Kuiwinda rangi chini ya rangi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kumbuka jambo moja: kiwanda kilipaka rangi kabla ya kufunga vitu, lakini wamiliki waliofuata walipaka baada ya vitu kufungwa, mara nyingi kwa brashi, Jumamosi mchana, bila kufungua chochote. Kila mahali kitu kilipokaa juu ya kitu, rangi ya kwanza ilibaki imejificha.

Fungua beji za tangi kwanza. Triumph zenye beji kubwa ya chuma, ile ya mfano wa kinanda cha mdomo iliyotumika kuanzia 1957 hadi 1965, zimehifadhi rangi nyingi chini yake. Kisha raba za magoti. Kisha geuza tangi utazame ule mfereji unaolala juu ya bomba la fremu. Chini ya kiti. Nyuma ya kibao cha namba. Ndani ya kava la mnyororo, ambako grisi imelinda rangi kama mafuta yanavyolinda samaki wa kopo. Ndani ya sanduku la vifaa. Pale ambapo vishikizo vya madigadi vinakazwa kwa boliti. Kwenye Bantam yangu, tangi likiwa limeshapotea, rangi niliipata sehemu mbili: nyuma ya kibao cha namba, kipande cha upana wa vidole vitatu, na chini ya kishikizo cha taa ya mbele.

Ndani ya kopo la taa tazama, lakini usipime rangi hapo. Mara nyingi ni vumbi la rangi tu lililoingia, jembamba, likionesha chuma kwa nyuma.

Mahali ambapo hakuna pa kujificha, fungua dirisha. Chagua sehemu bapa, chukua msasa wa maji namba 800, uzungushie kipande cha sponji, usugue mduara wa ukubwa wa sarafu huku ukimwagia maji yenye tone la sabuni. Bonyeza zaidi katikati kuliko pembeni. Malizia kwa 1200, kisha 2000. Ukifuta utaona pete kama za gogo la mti: katikati chuma, halafu praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, halafu rangi moja baada ya nyingine hadi ya juu. Piga picha ikiwa imelowa.

Usisugue mkavu. Rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na risasi, ile sumu, na vumbi lake haliondoki mwilini kirahisi. Maji, barakoa, kunawa mikono kabla ya kula, na watoto wakae mbali.

Pete iliyo jirani na praima si lazima iwe ya kiwanda. Pengine pikipiki ilishavuliwa rangi yote miaka ya sitini. Mimi hutumia vipimo viwili. Kwanza, pamba yenye thina: rangi ya kiwandani iliyookwa tanurini ni ngumu na haitoki upesi, ilhali selulosi, rangi inayokauka bila kuokwa, ya fundi wa mtaani hulainika na kuipaka pamba. Hii si kanuni ya chuma, kwani viwanda navyo vilipuliza baadhi ya matangi kwa selulosi. Pili, na hiki ndicho ninachokiamini zaidi, rangi ileile ionekane kwenye vipande vitatu tofauti, mathalani tangi, digadi na sanduku la vifaa. Matangi hubadilishwa sana. Tangi peke yake ni shahidi mmoja, na hajaapa.

Rangi iliyozeeka si rangi iliyotoka kiwandani

Kipande changu cha nyuma ya kibao kilikuwa na habari ya ziada. Ukingo uliochungulia nje ya kibao ulikuwa umegeuka rangi ya dengu zilizochemka. Sentimita moja tu ndani, palipokuwa gizani, kijani kilikuwa chepesi, baridi, karibu kama cha pistachio. Kama ningempa fundi ule ukingo, Bantam ingekuwa na rangi ya gari la jeshi.

Basi chagua sehemu iliyokosa jua. Isugue taratibu kwa dawa ya kusugulia rangi na kitambaa laini hadi ule utando wa njano uishe, ukikagua kitambaa kila mara. Rangi itakayobaki iking'aa ndiyo ya kupeleka. Bluu na kijani hugeuka njano juu, nyekundu hupauka, na nyeupe nyingi unazoziita maziwa zilikuwa nyeupe kweli.

Pikipiki za jeshi zina utaratibu wake. BSA M20, ambayo zaidi ya 120,000 zilitengenezwa, inaweza kuwa na tabaka tatu za rangi na zote zikawa halali. Mwanzoni mwa vita ilikuwa Khaki Green namba 3, kati ya 1942 na 1944 hivi ikawa kahawia iitwayo SCC 2, na kuanzia 1944 zeituni iitwayo SCC 15. Zilizopelekwa jangwani zilipakwa rangi ya mchanga, Light Stone. Hapa swali si ipi ya kweli, bali unataka kuionesha pikipiki ilivyokuwa mwaka gani. Uzuri wa rangi za jeshi na serikali ni kwamba nyingi zina namba za kiwango cha Uingereza, BS 381C. Deep Bronze Green, kwa mfano, ni 224, na mchanganya rangi yeyote mzuri anaweza kuitengeneza. Rangi za kiraia hazina bahati hiyo. Mtu akikuambia Amaranth Red ni RAL namba fulani, mshukuru na uondoke. RAL ni mfumo wa Kijerumani, na Triumph hawakuufuata. Alichokupa ni namba ya rangi inayokaribia.

Kulinganisha

Maduka makubwa ya rangi za magari yana mashine ya kusoma rangi. Inataka sehemu bapa, safi, iliyong'arishwa, ya ukubwa wa kitufe kikubwa cha koti. Isome mara tatu mahali tofauti. Mashine itatoa fomyula iliyo karibu, na "karibu" ndilo neno. Mwambie mchanganyaji akupulizie kipande cha bati, asikuchovyee kijiti. Bati lipakwe praima uliyokusudia kutumia, na koti zilezile, kwa sababu praima ya kijivu na praima nyekundu hubadilisha rangi nyepesi inayokaa juu yake.

Lipeleke bati nje. Lilaze sambamba na kipande chako cha asili, vigusane, ulitazame asubuhi kivulini, saa sita mchana, na tena ndani chini ya taa. Rangi mbili zinaweza kufanana dukani chini ya taa na zikaachana kabisa mlangoni, kwa kuwa zimechanganywa kwa poda tofauti. Taa si shahidi. Jua ndilo litakaloitazama pikipiki yako. Mimi nilirudi dukani mara nne. Mara ya pili fundi alikunja uso, mara ya tatu alicheka, mara ya nne yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Bado ina unjano."

Zile rangi za kung'aa kwa ndani

Miaka ya sitini ilileta balaa tamu: rangi zilizoitwa flamboyant, kama Aubergine ya Bonneville za 1967 na hiyo Olympic Flame. Hizi si rangi moja. Chini kuna fedha au dhahabu, juu yake vanishi yenye rangi inayopitisha mwanga, na juu kabisa vanishi tupu. Mwanga unaingia, unagonga fedha, unarudi umebeba wekundu. Ndiyo sababu mashine ya kusoma rangi huchanganyikiwa hapa: kila pembe inaona kitu kingine.

Kwenye dirisha lako la msasa utaiona fedha chini ya nyekundu. Kumbuka kuitafuta, maana wengi huidhani praima. Ukishajua chini ni fedha au dhahabu, unaamua kwa macho idadi ya koti za vanishi ya rangi. Chukua bati refu, lipulize fedha lote, kisha gawanya kwa utepe: koti moja, mbili, tatu, nne, tano. Linganisha na rangi ya chini ya beji. Ukipata jibu, andika idadi, upepo wa kompresa, na umbali wa bunduki, kwa sababu koti moja zaidi ni rangi nyingine. Tangi, madigadi na vifuniko vya ubavuni vipulizwe siku moja, na mkono uleule, kwenye mstari mmoja. Usikubali "madigadi tutayamalizia wiki ijayo".

Ujue pia kwamba rangi hizi hufifia juani upesi kuliko zote. Olympic Flame ya asili iliyokaa nje miaka mingi inaweza kuonekana dhahabu iliyochoka. Rudi chini ya beji.

Nyeusi, na kupuliza

Nyeusi ya fremu haikuwa na jina kwa sababu ilikuwa nyeusi tu: vipande vilichovywa kwenye rangi na kuokwa. Leo watu hutumia rangi ya unga, inayopulizwa ikiwa poda kisha kuokwa. Ni imara, lakini ni nene. Hujaza namba za fremu na hulala kwenye pembe kama asali. Ukiitumia, ziba namba, nyuzi za boliti na mahali pa beringi. Mimi napendelea rangi ya kimiminika, nyeusi isiyo na kioo kupita kiasi.

Kwa tangi, vanishi ya mwisho iwe inayohimili petroli. Mafuta ya leo mahali pengi yana ethanoli, na selulosi huvimba yakimwagikia. Rangi za kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuzigandisha, zinahimili vizuri, ila hadina hiyo ina aisosayaneti inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Anayepuliza avae kofia yenye hewa ya bomba, au kazi ipelekwe kwa mwenye nayo.

Mistari na nembo

Mistari ilichorwa kwa mkono, na mkono ulitetemeka. Mstari ulionyooka kama wa kompyuta unamwambia kila mjuzi kwamba ni utepe. Tafuta mchora mabango wa zamani, mpe brashi ndefu ya nywele laini na zile picha zako zenye rula. Nembo za BSA, iwe herufi B yenye mabawa au bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, zinauzwa hadi leo kama karatasi za kubandika. Hakikisha ni za mwaka wako, na ujaribu tone la vanishi juu ya moja kabla, kwani baadhi hukunjamana.

Siku Bantam ilipokamilika, fundi alitaka kupuliza na nyuma ya kibao cha namba. Nilimzuia. Kile kipande cha vidole vitatu bado kipo pale na kijani chake, na chini ya kiti nimebandika fomyula ya rangi iliyoandikwa kwa mwandiko wa fundi mwenyewe, hadi tone la mwisho la njano alilopunguza.